Kontrakti "imeisha" wiki mbili baada ya kusema nina mimba. Nina haki ama niachane nao?

#1 Bint_Mishomoroni
Salaam wadau. Nitajaribu kufupisha lakini sijui kama nitaweza.

Nafanya, ama niseme nilikuwa nafanya, kwenye hoteli moja ya ufuoni upande wa Bamburi, Mombasa, jina nalibana. Kazi ya vyumba. Nina mwaka na nusu pale, kontrakti za miezi mitatu mitatu, ikiisha watupa nyingine twasaini pale pale kwenye korido hata kusoma huwahi. Nimesaini sita. Sasa mimba yangu yaingia mwezi wa tano, nilikuwa naificha na yunifomu ile kubwa kubwa lakini mgongo ukaanza kunikata nikamwambia supavaiza, nikamuomba anitoe kwenye kugeuza magodoro. Akanihamisha londri bila maneno, nikasema alhamdulillah. Wiki mbili baadaye kontrakti zafika mwisho, wenzangu waitwa kusaini, mimi naambiwa wewe yako imeisha, msimu ni mbaya, tukikuhitaji tutakupigia. Barua hakuna. Yunifomu wameitaka siku hiyo hiyo.

Mume wangu yuasema nipumzike nilee mimba. Mamangu yuasema nisigombane na watu wakubwa. Mimi nataka kujua tu, hii ni kufutwa kwa sababu ya mimba ama kweli kontrakti imeisha?

#2 Kibarua_wa_Feri
Pole sana dadangu. "Tutakupigia" ya Mombasa naijua, mimi nangoja simu tangu 2019

#3 Ganjoni_Boy
Bint pole lakini tusidanganyane. Kontrakti ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, imefika imeisha. Hajakufuta mtu. Ukikodi nyumba miezi mitatu ikaisha, landilodi halazimiki kukuongezea hata kama una mimba ya mapacha.

#4 MamaTwins_Mtopanga
Ganjoni we huna dada? Mtu amesaini mara sita, ya saba ndiyo ikakosa wino?

#5 LoyaWaMtaa
Naona moto ushawaka, ngoja niweke vifungu, mkitaka mtatafuta wenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 27(4) kimetaja ujauzito kwa jina kabisa kati ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba, na sio mfanyakazi tu hata yule anayeomba kazi, kuanzia kuandikwa, kupandishwa cheo, masharti ya kazi mpaka kuachishwa "na mambo mengine yanayotokana na ajira". Shikeni hayo maneno ya mwisho tutayarudia. Halafu kwa madai ya ubaguzi mwajiri ndiye anabebeshwa mzigo wa kuonyesha hakubagua. Kifungu cha 46 kinasema mimba, au sababu yoyote inayohusiana na mimba, sio sababu ya haki ya kumuachisha mtu kazi. Cha 29 ndio kile cha likizo, miezi mitatu na mshahara kamili, na ukirudi unarudi kwa kazi yako ama kazi inayokufaa kwa masharti yasiyokuwa mabaya kuliko ya mwanzo.

Shida ya Bint ni kwamba hakuna mtu alitamka "tunakufuta". Wameiachia kalenda iwafanyie kazi.

#6 Ganjoni_Boy
Si ndio nilivyosema.

#7 LoyaWaMtaa
@Ganjoni_Boy umesema nusu. Ni kweli mahakama zimesema mara nyingi kwamba kontrakti ya muda ikifika mwisho inajifia yenyewe, na mfanyakazi hana haki ya kuongezewa ati kwa kuwa alizoea. Lakini kuna mlango. Kama mwajiri mwenyewe kwa matendo yake amekufanya utarajie, au kama sababu ya kutoongezewa ni kitu kilichokatazwa, hapo sasa kuna mazungumzo. Mwajiri ana uhuru wa kutoongeza, hana uhuru wa kutoongeza kwa sababu ya tumbo.

#8 MzeeWaKibokoni
Assalaam aleikum wanangu. Mimi nimefanya mahotelini tangu zile enzi Wajerumani wajaa mpaka wakosa vitanda. Hawa mabinti wa leo wana bahati wallahi. Enzi zetu mwanamke akizaa apewa miezi miwili tu, na livu yake ya mwaka yakatwa, akirudi hana hata siku moja ya kwenda Eid. Na mpaka leo iko hivyo, ukenda materniti usahau livu.

#9 MamaTwins_Mtopanga
Mzee wangu shikamoo, hiyo ya miezi miwili na kukatwa livu ilikuwa ile sheria ya zamani, ya 1976. Ya 2007 ilipoanza kazi 2008 ilibadilisha, sasa ni miezi mitatu na livu ya mwaka haiguswi. Najua kwa sababu nilipigana na HR juu ya hizo siku 21 mpaka akanichapishia kifungu mwenyewe akakisoma akanyamaza.

#10 MzeeWaKibokoni
Marahaba mwanangu. Kumbe nilidhulumu watu mpaka nikastaafu 😅 nilikuwa mimi ndiye natengeneza rosta.

#11 Kibarua_wa_Feri
Mzee ametubu hadharani 😂😂

#12 Leso_ya_Kisutu
Naomba niseme yangu. Mimi nilifanya kiwanda kimoja cha nguo cha EPZ (vile vya kushona nguo za kuuza nje ya nchi) upande wa Changamwe, sitakitaja. Pale mimba ilikuwa siri kama pesa. Tulikuwa twajifunga leso tumboni asubuhi kabla ya geti, wengine mbili, ukifika mezani wakaa saa nane juu ya stuli isiyo na mgongo. Mwenzetu mmoja alifika miezi saba hakuna aliyejua ila mimi niliyekuwa nikimsaidia kufunga. Sababu ilikuwa moja tu, tuliona walioonekana majina yao hayarudi kwenye listi baada ya mapumziko ya oda. Hakuna anayekwambia ni mimba. Yuakwambia oda zimepungua. Na kweli wakati mwingine oda huwa zimepungua! Hapo ndipo utajua vipi?

#13 Bint_Mishomoroni
@Leso_ya_Kisutu hapo hapo ndipo mimi nimekwama. Sasa ni Mei, hoteli kweli haina watu, wiki iliyopita tulikuwa na wageni wa kuhesabu na vidole. Msimu mbaya sio uongo.

#14 HR_Mstaafu
Nimekaa kimya nasoma. Nimefanya HR kwenye mahoteli miaka mingi, pande zote mbili za feri, wacha niwape upande wa ndani.

Hakuna meneja anachukia watoto. Kinachotokea ni hesabu. Mfanyakazi wa vyumba ana idadi ya vyumba vya kufanya kwa shifti, akiwa na mimba kubwa vinapungua, supavaiza anakosa tageti, anaulizwa yeye. Halafu kuna miezi mitatu ya mshahara kamili na wakati huo huo umlipe anayeshika nafasi yake. Kenya pesa hiyo inatoka kwa mfuko wa mwajiri yote, hakuna mfuko wa taifa unaomrudishia hata ndururu. Kwa hivyo Aprili mpaka Juni wakati hoteli inapunguza watu listi inatengenezwa, na anayetengeneza listi ni supavaiza. HR anapiga muhuri. Supavaiza ataanza na nani? Mlevi, mchelewaji, mwenye mdomo mrefu, na mwenye mimba. Siwatetei, nawaambia tu vile karatasi inavyotembea. Kwa hivyo Bint inawezekana msimu ndio ulileta listi na mimba ndiyo iliweka jina lako kwenye listi. Vyote viwili ni kweli.

#15 MamaTwins_Mtopanga
HR_Mstaafu umesema kitu kizito lakini pia umekiri kwamba mwenye mimba anawekwa kikapu kimoja na mlevi.

#16 HR_Mstaafu
Nimekiri. Nilikuwa napata ajira pia.

#17 Duka_la_Majengo
Wacha na mimi nipigwe mawe. Nina saluni na wasichana watatu. Mmoja akienda materniti miezi mitatu nimlipe kamili, nimuandike mwingine, na wateja wamemfuata yule wa kwanza nyumbani kwake anawasuka kwa sebule. Huyo nilimlipa, sikumfuta, lakini nilikopa. Mkisema sheria sheria mjue hoteli ya vyumba mia tatu na saluni ya viti vinne zimefungwa kamba moja.

#18 Mtanga_Original
Habari za huko jirani. Huku kwetu Tanzania Bara likizo ya uzazi ni siku 84, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja siku 100, na NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama. Ila mwajiri halazimiki kuilipa zaidi ya mara nne. Na notisi unatoa miezi mitatu kabla. Baba anapata siku tatu tu, ndo hizo hizo za kununua nepi na kurudi kazini.

#19 Kibarua_wa_Feri
Huku baba ni wiki mbili kwa mshahara kamili kaka. Mimi nililala zote.

#20 Mke_wa_Kibarua
Nathibitisha alilala.

#21 Kibarua_wa_Feri
Nani amempa huyu akaunti 😭

#22 Pwani_Kwanza
Kwa hivyo hiyo ya kulipwa watoto wanne tu ni ya Tanzania? Kazini kwetu tuliambiwa mtoto wa tatu hulipwi, na kama hujaolewa hulipwi kabisa, ati uonyeshe cheti cha ndoa.

#23 LoyaWaMtaa
@Pwani_Kwanza mmedanganywa mara mbili. Kifungu cha 29 cha Kenya hakihesabu watoto wala hakiulizi mume ni nani. Hali ya ndoa yenyewe imetajwa kwenye kifungu cha 5 na kwenye Katiba, kwa hivyo anayetaka cheti cha ndoa anaongeza kosa juu ya kosa. Anachoweza kuitisha ni cheti cha daktari ama mkunga. Notisi ni ya maandishi, siku saba kabla ya kuanza likizo, na inaweza kuwa fupi zaidi kama hali ni ya ghafla. Mtoto hapigi hodi.

#24 Mwana_wa_Likoni
Mi nasema hivi mambo ya mama na mtoto si yapelekwe kwa Kadhi tu? Kadhi ana huruma na hakuna foleni

#25 LoyaWaMtaa
Kadhi ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, tena kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Mwajiri wako hujamuoa.

#26 MzeeWaKibokoni
Ingawa wengine wafanya kama wametuoa, Jumapili wapigiwa simu ya kazi.

#27 Bint_Mishomoroni
Nacheka nalia. Ahsanteni. Sasa nimeuliza uliza kwa wenzangu. Mambo mawili. Kwanza, Jumanne ameingia msichana mpya wa vyumba, wasema ni wa kwao supavaiza. Pili, sio mimi peke yangu niliyeachwa, kuna wengine wawili hawakuongezewa, mmoja mvulana wa bustani na mmoja dada wa restoranti, hawana mimba (mvulana bila shaka).

#28 Ganjoni_Boy
Haya sasa! Watatu wameachwa, mmoja ana mimba wawili hawana. Msimu.

#29 Leso_ya_Kisutu
Na msichana mpya? Msimu mbaya wapunguza watu halafu waongeza mtu?

#30 Ganjoni_Boy
Hapo ni undugu. Undugu ni dhambi lakini sio ubaguzi wa mimba. Supavaiza alitaka nafasi ya mtu wake akatafuta nani amtoe.

#31 MamaTwins_Mtopanga
Na akamtafuta mwenye mimba!! Ganjoni wajizunguka mwenyewe kama tuktuk pale Buxton.

#32 LoyaWaMtaa
Hili la msichana mpya ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mwajiri akisema nafasi zimepungua ile inaitwa kupunguza wafanyakazi na kifungu cha 40 kina njia yake, notisi isiyopungua mwezi kwa chama cha wafanyakazi ama kwa mfanyakazi mwenyewe, afisa wa leba (wa serikali, wa mambo ya kazi) ajulishwe, vigezo vya kuchagua nani anaenda, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Hawakufanya hayo, watasema si kupunguza ni kontrakti imeisha. Sawa. Ikiwa ni kontrakti imeisha tu, basi wasitaje msimu. Wamechanganya hadithi mbili na hadithi mbili huwa zinagongana wakili akiuliza maswali.

Pia kifungu cha 37 kinalinda wale wanaoitwa vibarua kila siku, ukifanya mfululizo siku za kazi zinazofika mwezi, ama kazi ambayo kwa jumla haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, unahesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi.

#33 HR_Mstaafu
@LoyaWaMtaa cha 37 hakimsaidii. Yeye si kibarua, ana kontrakti ya maandishi yenye tarehe. Usimpe matumaini ya bure.

#34 LoyaWaMtaa
Nakubali nusu. Nilikuwa najibu na wale wengine walionitumia ujumbe. Kwa Bint nguvu iko kwenye kifungu cha 5 na zile saini sita.

#35 Pwani_Kwanza
Lakini mbona wasema mwajiri ndiye abebe mzigo? Mimi nilienda kesi ya kufutwa nikaambiwa mimi ndiye nithibitishe.

#36 LoyaWaMtaa
Kuna mizigo miwili watu wanaichanganya. Kwa kufutwa isivyo haki kifungu cha 47 kinasema wewe uonyeshe kwamba uliachishwa isivyo haki, kisha mwajiri ahalalishe sababu zake. Kwa ubaguzi kifungu cha 5 kinamtupia mwajiri. Ila usidhani utaingia kortini na kusema "nilikuwa na mimba" ukae chini. Majaji wanataka kwanza uweke msingi, kwamba alijua, na baada ya kujua kitu kilibadilika. Mwaka 2013 mahakama ya kazi (enzi hizo ikiitwa ya Viwanda) iliamua kesi ya mfanyakazi wa benki na ikakubali kwamba alibaguliwa kwa mimba. Kwa hivyo inawezekana, si ndoto. Lakini karatasi.

Bint, ulimwambia supavaiza kwa mdomo ama kwa maandishi?

#37 Bint_Mishomoroni
Kwa mdomo. 😔 Tukiwa stoo ya mashuka. Lakini kuna kitu, usiku wake nilimtumia WhatsApp nikamwambia ahsante kwa kunihamisha londri kwa ajili ya hali yangu, akanijibu na kile kikaragosi cha mikono pamoja.

#38 Kibarua_wa_Feri
Emoji ya dua yaenda kuwa shahidi 🙏

#39 HR_Mstaafu
Usicheke. Hiyo ni dhahabu. Inaonyesha alijua na tarehe gani alijua.

#40 LoyaWaMtaa
Usifute hiyo simu, usibadilishe simu, usimpe mtoto achezee. Skrinshoti peke yake watu huipinga, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti cha jinsi ile nakala ilivyotolewa kwenye kifaa. Wakili wako atakuandalia. Pia weka peislipu zote, kontrakti zote sita kama ulipewa nakala, na kadi ya kliniki.

#41 Bint_Mishomoroni
Nakala nilipewa mbili tu. Nyingine walisema zabaki ofisini.

#42 LoyaWaMtaa
Kutunza rekodi ni wajibu wao. Wakishindwa kuzitoa kortini tatizo linakuwa lao. Angalia pia makato ya NSSF na SHA (bima ya afya) kwenye simu yako, yataonyesha miezi yote aliyokukata.

#43 Changamwe_Finest
Kama hakuna mwezi aliruka lakini. Wengine wanakata kwa peislipu na hawapeleki. Mimi nilijua siku mke wangu amelala leba, tunaambiwa akaunti haijalipwa.

#44 Duka_la_Majengo
Wadau nauliza kwa upole, tumefika #44 hakuna aliyeuliza Bint anataka nini. Anataka kurudi kugeuza magodoro na miezi sita ya mimba ama anataka pesa?

#45 Bint_Mishomoroni
Swali zuri mamangu. Nikisema ukweli kurudi sitaki, pale nishaonekana adui. Lakini ile miezi mitatu ya likizo ningeipata kama wangeniongezea, hiyo yaniuma. Ni kodi ya nyumba na vitu vya mtoto.

#46 HR_Mstaafu
Na ndiyo maana wanawahi kabla. Ukijifungua ukiwa kwenye rejista wamekwisha.

#47 Ganjoni_Boy
Hapa nitakubaliana na HR kidogo. KIDOGO.

#48 Mwana_wa_Likoni
Wekeni tarehe hii uzi Ganjoni amekubali kitu

#49 Kliniki_Jirani
Mimi ni nesi, nije na upande mwingine. Mgongo kukata mwezi wa tano na kubeba magodoro ni jambo la kiafya, nenda kliniki wakuandikie. Kuna siku za ugonjwa kwenye kifungu cha 30, baada ya miezi miwili kazini unapata siku zisizopungua saba za mshahara kamili na saba nyingine za nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Wengi wenu mnaomba msaada kwa mdomo na mnabaki hamna kitu mkononi. Na wale mliojifungua na mnarudi kazini, Sheria ya Afya ya 2017 inataka mwajiri awe na mahali pa kunyonyesha ama kukamua maziwa na akupe mapumziko ya hilo, jumla isizidi saa moja kwa kila saa nane, na ni muda wa kulipwa.

#50 MamaTwins_Mtopanga
Mahali pa kunyonyesha haha. Mimi nilikuwa nakamulia stoo ya mafagio, mwenzangu amesimama mlangoni akiimba bosi akikaribia. Nilikuwa na chupa mbili na mapacha wawili, wimbo ulikuwa mrefu.

#51 Leso_ya_Kisutu
😂😂 sisi twafunga leso, nyinyi mwaimba. Wanawake wa mji huu wana akili jamani.

#52 Mzazi_Probesheni
Nichomeke yangu. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kabla ya kuniandika walinipeleka kupimwa mkojo nikidhani ni mambo ya dawa za kulevya. Baadaye nikajua walipima mimba. Nilikuwa sina nikaandikwa. Mwezi wa nne wa probesheni (kipindi cha majaribio) nikapata mimba, wakanipa notisi ya siku saba wakasema probesheni haihitaji sababu. Nikakubali nikaenda zangu. Nilikosea?

#53 LoyaWaMtaa
Siku saba za probesheni ziko kwenye sheria, hapo hawakudanganya. Lakini ubaguzi wa kifungu cha 5 haungoji umalize probesheni, hata huo mkojo wa kabla ya kuandikwa unaingia humo. Na 2021 majaji watatu wa mahakama ya kazi walisema kile kipengee kilichowanyima watu wa probesheni haki ya kusikilizwa kinakwenda kinyume na Katiba. Ilikuwa lini?

#54 Mzazi_Probesheni
Mtoto yuko gredi ya kwanza sasa.

#55 LoyaWaMtaa
Basi muda umekwisha dada, ni miaka mitatu. Pole.

#56 Pwani_Kwanza
Ngoja, kazini tuliambiwa ni miezi mitatu sio miaka mitatu?

#57 LoyaWaMtaa
Zote ziko. Miezi mitatu ni ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba tangu siku ya kuachishwa. Miaka mitatu ni ya kufungua kesi. Bint bado yuko ndani ya zote mbili lakini asilale. Mshahara wake ukiwa hauzidi elfu 80 kwa mwezi kesi inasikizwa na hakimu, halazimiki kuanzia mahakama kuu ya kazi.

#58 MzeeWaKibokoni
Na chama je? KUDHEIHA wako mahotelini miaka yote, nakumbuka walikuwa wakija tunatetemeka. Kama hoteli yenu imetia sahihi mapatano na chama huenda mna masharti mazuri kuliko ya sheria. Ukatwa pesa ya chama?

#59 Bint_Mishomoroni
Hatukatwi sisi wa miezi mitatu. Wanaokatwa ni wale wa kudumu.

#60 MzeeWaKibokoni
Enhe. Hiyo nayo ni mbinu, wallahi naijua.

#61 Ganjoni_Boy
Haya nimekubali kitu kimoja tusiendelee na mimi nimekuwa mwizi hapa. Lakini swali langu halijajibiwa, yule mvulana wa bustani aliachwa kwa nini? Kama jibu ni msimu, kwa nini kwa Bint msimu usiwe jibu? Hakimu atauliza hivyo hivyo.

#62 Leso_ya_Kisutu
Hakimu atauliza pia kwa nini bustani haikupata mtu mpya na vyumba vilipata.

#63 HR_Mstaafu
Na supavaiza atasema msichana mpya ni wa majaribio halipwi. Nimeona hiyo pia.

#64 Duka_la_Majengo
Mtu afanya kazi halipwi? Huyo ndiye aje hapa afungue uzi wake.

#65 Changamwe_Finest
Bint kama huna pesa ya wakili, FIDA, wale mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na Kituo cha Sheria pia, wote wanasaidia wasio na uwezo. Beba nakala usibebe orijino.

#66 Bint_Mishomoroni
Wadau nimerudi. Leo nimeenda ofisi ya leba, nimekaa kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa sita, mtu wa mbele yangu alikuwa na mambo ya bima ya mkono. Afisa amenisikiliza vizuri, ameandika barua ya kuwaita hoteli, nimeambiwa niipeleke mwenyewe nirudi na nakala iliyogongwa muhuri. Nimeipeleka. Mlinzi aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi leo ameniuliza kitambulisho.

HR ameisoma akaniambia hakujua kabisa kwamba nina mimba. Kisha akaniuliza ina miezi mingapi, ati naonekana vizuri.

#67 HR_Mstaafu
Anaweza kuwa anasema kweli, supavaiza hakumwambia. Ama amefundishwa. Mimi ningesema hivyo hivyo.

#68 MamaTwins_Mtopanga
Bosi hawezi kusema sikujua kama supavaiza wake alijua, ama vipi Loya?

#69 LoyaWaMtaa
Nitahoji hivyo hivyo, supavaiza ni mkono wa mwajiri. Wao watahoji kwamba supavaiza si mwenye kuamua kontrakti. Lakini HR_Mstaafu ametuambia pale #14 nani anatengeneza listi.

#70 HR_Mstaafu
Usinitaje kortini tafadhali.

#71 Ganjoni_Boy
Na wakikuita wakupe bahasha usaini kwamba huna dai tena?

#72 LoyaWaMtaa
Asisaini siku hiyo. Kuna kesi mahakama imesema karatasi kama hiyo haimfungi mfanyakazi yenyewe peke yake, na kuna nyingine imeihesabu kama makubaliano kamili. Aichukue aende nayo nyumbani. Fidia ya kufutwa isivyo haki inafika mpaka mshahara wa miezi 12, na ya ubaguzi inaombwa kando, kwa hivyo apime bahasha na hiyo.

#73 Bint_Mishomoroni
Wameitwa Jumatano ijayo. Mamangu amesema atanisindikiza, yule yule wa nisigombane na watu wakubwa. Amenifulia dera jipya.

#74 Kibarua_wa_Feri
Mama akifua dera kesi ishaanza.

#75 MzeeWaKibokoni
Allah akufanyie wepesi binti yangu. Ule chakula kabla ya kwenda, pale hakuna hata maji.

#76 Mke_wa_Kibarua
Utuletee majibu. Na Kibarua kama unasoma, gesi imeisha.